Risasi imeingia mgongoni. Je, utetezi wa kujihami umekufa?

"Shikamoo wakili. Kaka yangu ana duka la jumla Mbagala Rangi Tatu na ni wakala wa kutuma na kupokea fedha. Ana bastola anayoimiliki kihalali. Miezi miwili iliyopita, saa tatu na nusu usiku akifunga hesabu, walikuja vijana wawili kwa bodaboda. Mmoja alibaki juu ya pikipiki, mwingine akaingia na kushika mkoba wa fedha. Kaka anasema alipomzuia, yule kijana alinyanyua panga, naye akafyatua mara mbili. Kijana alikimbia, akavuka barabara, akaanguka ng'ambo, akafa kabla ya kufika hospitali. Ripoti ya daktari inataja majeraha mawili, moja mkono wa kulia, jingine mgongoni chini ya bega. Dereva wa bodaboda wa kijiweni ameandikisha maelezo kwamba alimwona marehemu akikimbia huku akipigwa risasi. Panga halikuonekana. Polisi waliokota maganda mawili ya risasi, moja ndani karibu na kaunta, jingine nje kibarazani. Kuna mama muuza chipsi anayesema yule wa pikipiki aliokota kitu kabla ya kuondoka, lakini hajaandikisha popote. Kaka yuko mahabusu gereza la Keko kwa kesi ya mauaji. Mjomba anasema risasi ikishaingia mgongoni hakuna kujitetea, bora tumtafute yule dereva tuongee naye, na panga nalo litafutwe. Wengine wanasema kaka akubali kuua bila kukusudia yaishe. Tushike lipi?"

Marhaba dada yangu, na poleni sana. Najua kuna nyumba nyingine, pengine si mbali na hapo kwenu, iliyozika kijana na inauliza maswali haya haya kutokea upande wa pili. Nitakujibu nikikumbuka kwamba nimesikia upande mmoja tu.

Nianze na ushauri wa mjomba, maana ndio unaoweza kuharibu mambo wiki hii hii. Msimfuate yule dereva. Si kwa soda, si kwa nauli, si kwa "kuyazungumza kiutu uzima". Kumwingilia shahidi ni kosa la jinai linalojitegemea, na kutengeneza ushahidi ni kosa jingine. Hata tukiiweka sheria pembeni, hesabu yenyewe haiwalipi. Aliye hai na anayedai kuona kila kitu ndani ya duka lile ni mmoja, kaka yako. Utetezi wake wote unasimama juu ya kuaminika kwake. Panga litakalozuka leo, miezi miwili baada ya tukio, litaulizwa lilikuwa wapi, nani alilishika, kwa nini halikupelekwa polisi usiku ule. Jaji akiona limepandikizwa hatalikataa panga peke yake. Atalikataa pamoja na mkono ulionyanyuliwa, mkoba, hofu, na kila neno lililotoka kinywani mwa kaka yako. Mwambieni mjomba, kwa heshima zake zote, akae mbali na mashahidi.

Sasa sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na kulinda mali iliyo mikononi mwake. Vifungu tulivyozoea kuvitaja ni cha 18 hadi 18C. Sheria zetu hupangwa upya kila toleo jipya linapotoka, kwa hiyo wakili wenu akitaja namba tofauti msishtuke. Haki hiyo ina mipaka. Nguvu itakayotumika iwe ya kiasi, ile inayohitajika kwa kujilinda na si zaidi. Na kuua katika kujilinda kunakubalika pale tu shambulio linapokuwa zito: linampa mtu sababu ya maana ya kuhofia kifo au madhara makubwa ya mwili, au ni ubakaji, au utekaji, au ni kuvunja nyumba, unyang'anyi, uchomaji moto na makosa mengine ya namna hiyo yanayohatarisha maisha au mali. Mtu akizidisha nguvu na mwenzake akafa, kifungu cha 18B kinasema wazi kosa ni lipi: kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo kesi ya kaka yako ina milango mitatu. Akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, adhabu iliyowekwa na sheria ni kifo, na jaji hana hiari ya kupunguza. Akitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, jaji anaweza kutoa adhabu ndogo au kubwa, hadi kifungo cha maisha. Mlango wa tatu ni kuachiwa huru kwa sababu alijihami ndani ya mipaka. Ushahidi wote nitakaoueleza hapa chini unafanya kazi moja, kumsukuma kuelekea mlango mmojawapo.

Kuna imani mbili za mtaani nizifute. Ya kwanza, kwamba mwizi akishaingia kwako damu yake ni halali. Haki ya kujilinda huishi sawa na muda wa hatari. Hatari ikikoma nayo imekoma, hata kama hasira bado inachemka. Ya pili, kwamba leseni ya bastola inamkinga. Leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inamwondolea kosa la kumiliki silaha bila kibali, basi. Alichokifanya nayo ni suala jingine kabisa.

Na mzigo wa kuthibitisha? Unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, mwanzo hadi mwisho: kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Kaka yako hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Anatakiwa kuuweka utetezi wake mezani ukiwa na uzito wa kuaminika, na maelezo yake pamoja na ushahidi wote yakiacha shaka ya maana, shaka hiyo ni yake. Hili ni kubwa, ila lisiwalaze usingizi. Shaka ya maana haizaliwi na maneno matupu ya "nilijihami".

Sasa nije kwenye risasi ya mgongoni. Mjomba anadhani mahakama itauliza risasi iliingia wapi, halafu ifunge jalada. Swali litakalomwumiza kichwa jaji ni hili: kila risasi ilipotoka, hatari ilikuwa bado ipo? Zilitoka mbili, na kila moja itapimwa kivyake. Inawezekana kabisa ya kwanza ikawa halali na ya pili isiwe.

Mwili wa binadamu hugeuka upesi. Mtu aliyesimama wima anaweza kukupa mgongo chini ya sekunde moja. Wakati huo huo, ubongo wa anayefyatua una ucheleweshaji wake: ishara nyepesi tu, kama taa kuwaka, huchukua takriban robo ya sekunde kuifanyia kitendo, na uamuzi wa kufyatua au kuacha kufyatua ukiwa umejaa hofu huchukua zaidi. Sasa weka hayo mawili pamoja. Kijana ananyanyua mkono, kaka yako anaamua kufyatua, kijana anaona bastola na kugeuka ili akimbie. Risasi iliyoamuliwa akiwa uso kwa uso inaweza kutua ubavuni au mgongoni. Kwa hiyo tundu la mgongoni peke yake halitofautishi aliyepigwa wakati anageuka na aliyepigwa akiwa ameshakimbia. Mahakama za nchi zinazofuata mfumo wa sheria kama wetu zimelikubali hilo kwa muda mrefu. Katika shauri moja la Jamaika lililoripotiwa mwaka 1971, ambalo mawakili wa Afrika Mashariki hulitaja sana, ilielezwa kwamba mtu anayeshambuliwa hawezi kutazamiwa kupima kwenye mizani nguvu anayoitumia. Ila kumbuka pia kwamba mfyatuaji wa shauri hilo alitiwa hatiani, na rufaa yake ikakataliwa.

Maana upande wa pili wa jambo hili ni mgumu. Ikionekana kwamba kati ya risasi ya kwanza na ya pili zilipita sekunde tatu au nne, na kijana alikuwa ameshatoka mlangoni, hakuna elimu ya mwili itakayomwokoa kaka yako kwenye risasi ya pili. Kinachotafutwa, basi, ni umbali na muda. Vyote viwili huacha alama.

Umbali husomwa kwenye nguo na ngozi. Bastola ikifyatuliwa hutoa risasi, moshi na chembe za baruti ambazo hazikuungua. Mdomo wa bastola ukiwa umegusa mwili au ukiwa karibu sana, masizi huonekana ndani na pembezoni mwa tundu. Ukiwa mbali kidogo, masizi hupotea lakini chembe za baruti hutoboa ngozi na kuacha vidoadoa. Kwa bastola nyingi hilo huendelea mpaka kama nusu mita hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Baada ya hapo hubaki tundu na mkwaruzo wake tu. Kipimo kamili hutegemea bastola yenyewe na aina ya risasi, ndiyo maana mtaalamu wa silaha hufyatua kwa majaribio silaha ile ile akalinganisha. Na hapa ndipo kesi nyingi hupoteza ushahidi: shati. Nguo huzuia zile chembe zisifike kwenye ngozi, kwa hiyo daktari anaweza kuandika "hakuna dalili za karibu" wakati dalili zote zimebaki kwenye shati ambalo limetupwa mochwari au limerudishwa kwa ndugu likafuliwa. Swali la kwanza la wakili wenu liwe: shati la marehemu liko wapi, na lilipimwa?

Ripoti ya daktari nayo isomwe kwa utulivu. Si kila daktari anayesaini uchunguzi wa maiti ni mtaalamu wa patholojia, na kutofautisha tundu la kuingilia na la kutokea kuna mitego. Watu hudhani dogo ni la kuingilia na kubwa ni la kutokea. Mara nyingi ni hivyo, mara nyingine sivyo. Alama ya kuaminika zaidi ni ule mkwaruzo wa duara pembezoni mwa tundu la kuingilia. Je, ripoti imeutaja, au imesema tu "jeraha la risasi mgongoni"? Tena, majeraha mawili si lazima yawe risasi mbili. Risasi moja inaweza kupita mkononi ikaingia kiwiliwili, au kuingia mgongoni, ikatoka, ikaukuta mkono. Kama ni hivyo, kuna risasi moja ambayo haikumpata mtu, na huenda tundu lake liko kwenye ukuta, shata au rafu ya duka mpaka leo. Msiliguse, msilizibe, msipake rangi. Tundu hilo lina mwelekeo, na mwelekeo unaonyesha kaka yako alisimama wapi.

Lile jeraha la mkono halikumshughulisha mjomba, lakini mimi lingenishughulisha. Lilikuwa kiganjani, kwenye kigasha, au juu ya kiwiko? Kwa ndani au kwa nje? Mkono ulionyanyuliwa na kitu mkononi huonyesha mpelekeo wa risasi tofauti na mkono unaoning'inia wa mtu anayekimbia. Halithibitishi panga, ila linaweza kukubaliana au kugombana na maelezo ya kaka yako, na lilikuwepo kabla ya mawakili hatujaanza kusema lolote.

Tuje kwa dereva wa bodaboda. Mnamwona adui, mimi namwona mtu ambaye huenda anasema kweli tupu. Jiulize: alikuwa akiangalia nini kabla ya mlio wa kwanza? Mtu aliyekaa kijiweni usiku anazungumza, anahesabu hela, anaperuzi simu. Mlio ndio unaomgeuza shingo. Hadi macho yake yanafika dukani, jambo lililosababisha mlio limeshapita. Anachokiona kuanzia hapo ni mtu anayekimbia, labda na mlio wa pili. Kwa hiyo maneno yake "alikuwa akikimbia huku akipigwa risasi" yanaweza kuwa kweli kuhusu risasi ya pili na yasiseme chochote kuhusu ya kwanza. Wakili mzuri hatamwita mwongo. Atamuuliza, taratibu: ulikuwa umeelekea wapi? Ulisikia milio mingapi kabla hujamwona? Taa ipi ilikuwa inawaka? Umbali gani? Mahakama ya Rufani tangu uamuzi wake maarufu wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa usiku imesisitiza mambo haya haya: mwanga, umbali, muda wa kutazama, vizuizi. Uamuzi ule ulihusu kumtambua mtu, lakini macho ni yale yale. Pia kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ionekane sababu ya maana ya kutomwamini. Hilo nalo Mahakama ya Rufani imelisema. Msitegemee aanguke kwa kuwa tu ni rafiki wa kijana au kwa kuwa hamumpendi.

Kitu kingine kinachowapotosha mashahidi, na hata wapelelezi, ni mahali maiti ilipolala. Aliyepigwa kifuani au mgongoni haanguki kama kwenye sinema. Hata moyo ukiwa umejeruhiwa, ubongo huwa na oksijeni ya kutosha kwa sekunde kumi na zaidi, na kwa sekunde hizo mtu mwenye hofu huenda mbali. Kuanguka ng'ambo ya barabara hakuonyeshi kwamba alipigiwa barabarani. Matone ya damu ndiyo yanayoonyesha: yalianzia wapi? Kama kuna picha zilizopigwa na majirani usiku ule kabla umati haujakanyaga kila kitu, zina thamani kuliko ramani iliyochorwa baadaye. Waombeni wenye simu wazihifadhi ndani ya simu zenyewe. Zikirushwa kwa WhatsApp ndipo tatizo huanza, kwa sababu picha hubanwa na taarifa za saa zilizojificha ndani yake hupotea, na upande wa pili utauliza kwa haki kabisa kama zimechezewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini uzito wake hutegemea jinsi ulivyotunzwa.

Kuna saa nyingine ambayo watu huisahau: simu ya uwakala. Muamala wa mwisho una dakika yake, simu ya kwanza kwenda polisi au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ina dakika yake, na kama duka lolote mtaani pale lina kamera ya CCTV inayoona barabara, ina saa yake, japo nyingi hazijarekebishwa. Kamera haihitaji kuonyesha ndani ya duka ili isaidie. Inaweza kuonyesha kijana anatoka mlangoni lini, pikipiki inaondoka lini, watu kijiweni wanashtuka mara ngapi na kwa nafasi gani kati ya mshtuko na mshtuko. Kamera hizi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Miezi miwili ni mingi. Wakili aandike barua leo.

Nikuambie kinachonitia wasiwasi zaidi ya mgongo. Ni lile ganda la kibarazani. Kama ningekuwa upande wa mashtaka, hilo ndilo ningelishika. Bastola nyingi zinazojipakia hutupa ganda upande wa kulia na nyuma kidogo ya mfyatuaji, mita chache. Ganda moja ndani na jingine nje linaweza kumaanisha kwamba kaka yako alifyatua ya kwanza akiwa kaunta, kisha akamfuata hadi mlangoni na kufyatua ya pili. Hiyo ndiyo picha ya kuzidisha nguvu, kama si zaidi. Linaweza pia kumaanisha kidogo sana: maganda hugonga ukuta na kuruka, sakafu ya saruji huyarusha, na watu walioingia kwa kelele za "mwizi!" huyapiga teke bila kujua. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa ni kaka yako, faragha, na wakili wake, na ajibu kweli: ulitoka nje? Jibu hilo ndilo litakaloamua utetezi uelekee wapi. Hukuniandikia pia mkoba ulikutwa wapi. Kama ulikutwa na marehemu ng'ambo ya barabara, mashtaka yatasema kaka yako alimpiga ili kurudisha fedha, na ni nadra mahakama kuona kwamba kuokoa fedha kwa mtu anayekimbia kulihitaji kuua. Kama ulibaki sakafuni, hadithi inabadilika.

Kuhusu vielelezo hivyo, wakili afuatilie karatasi zake: nani aliyaokota maganda, hati ya ukamataji ilisainiwa na shahidi gani huru, yalikabidhiwa kwa nani, yalifikaje kwa mtaalamu wa silaha wa Jeshi la Polisi. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza mlolongo huo wa maandishi. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa mikononi, na bastola yenye namba yake ni mfano. Maganda na nguo si hivyo. Lakini msijenge kesi nzima juu ya karatasi zilizokosekana. Jaji hupima pia kama kasoro hiyo imemdhulumu mtu kweli.

Panga. Kutoonekana kwake si mwisho. Kwanza kuna mtu wa pili, na ndiye aliyeondoka salama. Yule mama muuza chipsi ni shahidi wa maana kuliko mjomba anavyodhani, na kila wiki inayopita bila yeye kuandikisha maelezo inampunguzia uzito, maana ataulizwa alikuwa wapi siku zote. Msimfundishe la kusema. Jina lake lipelekwe kwa mpelelezi kupitia wakili, kwa maandishi, ili ibaki kumbukumbu kwamba upelelezi uliambiwa. Pili, kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati na kwa sababu za maana jambo ambalo kumbe halikuwa hivyo. Kama kijana alinyanyua bomba la chuma na kaka yako akaliona panga, anahukumiwa kwa kile alichokuwa na sababu ya kukiamini. Neno zito hapo ni "sababu". Hofu tupu haitoshi.

Msijishughulishe sana na historia ya marehemu. Najua mtaani mtasikia alikuwa "mtu wa matukio". Kama kaka yako hakumjua, sifa zake haziwezi kueleza hofu ya kaka yako usiku ule, na kumchafua aliyekufa mbele ya jaji huku mama yake amekaa benchi la nyuma hakujawahi kumsaidia mteja niliyemwona.

Kuna ushahidi mmoja ambao huenda umeshatolewa na hamjui: maneno ya kaka yako mwenyewe. Usiku ule aliandika maelezo ya onyo polisi, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani? Alipelekwa kwa mlinzi wa amani, yule anayeandika maungamo ya mtuhumiwa nje ya polisi? Alisema nini kwa jirani wa kwanza kufika? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa haki ya kuelezwa makosa anayotuhumiwa, kuwasiliana na wakili au ndugu, na kuhojiwa ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni saa nne bila kuongezwa kwa utaratibu. Haki hizo zikivunjwa, wakili anaweza kupinga maelezo hayo yasipokelewe, na itasikilizwa kesi ndogo ndani ya kesi. Pia mtu aliyetoka kwenye tukio la namna hii mara nyingi hukosea idadi ya risasi, nani alikuwa wapi, nini kilitangulia. Hofu huvuruga kumbukumbu bila mtu kudanganya. Mahakama hutofautisha tofauti ndogo na zile zinazogusa mzizi wa kesi. "Nilifyatua mara tatu" wakati maganda ni mawili ni tofauti ndogo. "Sikutoka nje" wakati alitoka ni mzizi.

Usidhani mahakama zetu humeza hadithi ya kujihami kwa kuwa imesimuliwa na mwenye bastola. Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu hawajasahau Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi walipouawa na polisi, na maelezo rasmi yakawa kwamba walikuwa majambazi waliokufa kwenye majibizano ya risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ikabaini kwamba hawakuwa majambazi, na kwamba waliuawa katika msitu wa Pande. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Tukio lile si la kaka yako, na halifanani nalo kwa uzito. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi madai ya "walitushambulia" yanavyopimwa: kwa eneo la tukio na miili, na hata kwa miaka kumi.

Sasa, akubali kuua bila kukusudia yaishe? Kwa leo, hapana. Si kwa sababu ni ushauri mbaya. Unaweza kuja kuwa mzuri kuliko yote. Ni kwa sababu hamjaona kadi za upande wa pili. Mahakama ya chini anakopelekwa kila baada ya wiki mbili haina mamlaka ya kusikiliza mauaji, na haimwulizi akiri au akane. Upelelezi ukikamilika, maelezo ya mashahidi na vielelezo vitasomwa mbele yake kabla ya kupelekwa Mahakama Kuu, na atapata nakala. Hapo ndipo mtajua patholojia inasema nini, mtaalamu wa silaha amepata nini, dereva ameandika nini hasa. Kama yatakuwa yameonyesha kwamba risasi ya pili ilitoka kibarazani kumfuata mtu aliyekimbia, wakili anaweza kuzungumza na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuhusu kosa dogo. Tangu mwaka 2019 sheria yetu ina utaratibu rasmi wa makubaliano ya kukiri. Kama yataonyesha risasi zote mbili zilitoka ndani, kwa kufuatana, karibu na mlango, kukiri kutakuwa kumtupa gerezani mtu mwenye utetezi. Uamuzi huo ni wa kaka yako, si wa kikao cha ukoo, na asikiri kitu ambacho hakukifanya ili tu atoke Keko upesi. Dhamana kwa kosa la mauaji haipo, nami sitakupa tumaini la uongo juu ya hilo. Upelelezi unaweza kuchukua muda mrefu.

Wakili mtamhitaji ana kwa ana, na wiki hii, si siku kesi itakapopangwa. Asiyeweza kumlipa wakili hupangiwa mmoja na mahakama kwa kesi kama hii, lakini mara nyingi kesi ikiwa imeshafika Mahakama Kuu, wakati kamera imeshajifuta. Kwa kipindi hiki cha mwanzo waulizeni Chama cha Mawakili Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Mtakayempata mwulizeni kama amewahi kumhoji daktari wa patholojia mahakamani. Kesi hii itahitaji hilo. Nendeni na nakala ya leseni ya bastola, hati yoyote ya ukamataji mliyoachiwa, taarifa za miamala ya siku ile, majina ya waliofika wa kwanza, na mchoro wa duka wenye vipimo: kaunta hadi mlango, mlango hadi ukingo wa kibaraza, kibaraza hadi barabara. Pimeni kwa futi ya fundi, msikadirie kwa macho.